Jina Nisiloweza Kulitaja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka ya usukani imezizidisha. Niliwahi kuhudhuria semina ya madereva mjini Kakamega, nikarudi nyumbani na kijitabu cha haki zetu: dereva ana haki ya kuambiwa kwa nini amesimamishwa, ana haki ya kumuuliza askari nambari yake ya kazi. Mke wangu alisema nakisoma kijitabu kile kuliko Biblia. Hakukosea.

Asubuhi moja nilikuwa nampeleka mama yake hospitali. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na daktari wa upasuaji, ambaye huja mara chache, alimtaka saa nne. Mke wangu alitangulia kwa bodaboda kushika foleni, akabeba mkoba wenye karatasi zote. Tukabaki mimi na mama mkwe peke yetu garini, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mkwe hampi mama mkwe mkono, haketi karibu naye, na jina lake halitaji hata akikabwa koo. Kabla ya kuondoka, mke wangu alitundika leso katikati ya viti, mama akaketi nyuma yake. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwa amenitamkia neno moja. Hata salamu zake zililetwa na binti yake.

Karibu na Lubao tukakuta kizuizi. Askari kijana, Kiswahili chake cha pwani, aliomba leseni, nikampa. Kisha akauliza kizimamoto. Hapo nikawaka. Nilimwambia kizuizi kile kimewekwa kutafuta watu walioingia nchini bila vibali, kila mtu anajua, na habari za vizimamoto azipeleke kwingine.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu iliyoniudhi zaidi.

"Umesema kweli, bwana dereva. Basi tufanye kazi ya kizuizi. Nani huyo aliye nyuma ya leso?"

"Mama mkwe wangu."

"Kitambulisho chake?"

"Kimetangulia hospitali."

"Jina lake nani?"

Nikaitazama leso.

"Hulijui?"

"Nalijua. Siwezi kulitaja."

Mdomo uliponza kichwa. Nilikuwa nimemfundisha askari kazi yake, na sasa alikuwa na mtu aliyefunikwa, asiye na kitambulisho, ambaye mwenye gari hataki kumtaja. Akasema mama ashuke, amngoje mkubwa wake. Ilikuwa saa tatu na nusu. Daktari angeondoka, na mama angerudi kwake akipapasa kuta vilevile. Nami, kwa ujinga wangu, nilikuwa nafungua mdomo kuendelea na kijitabu, leso ikavutwa, ikaanguka.

"Afande, usifinye mtoto wangu," mama akasema. "Huku kwetu mkwe hatajangi jina ya mama mkwe. Ni heshima." Akajitaja mwenyewe, majina yote matatu, polepole. "Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, nikaolewa Matete nikiwa msichana. Sijaficha." Kisha akageuza uso upande wangu. "Na wewe, pigia bibi yako simu atume picha ya kitambulisho. Sheria utasoma kesho."

Picha ikaingia. Askari akailinganisha na uso wake, akamrudishia leso mkononi. "Shikamoo, mama. Nenda ukapone."

Tulifika saa nne kasoro kidogo. Njiani maneno yake mawili yalinirudia. Mtoto wangu, alikuwa amesema. Nililia, mtu mzima, usukani mkononi.

Kesho yake bandeji ya jicho la kwanza ikatolewa. Nilisimama nje ya wodi, mahali pangu. Mke wangu akatoka akicheka: mama anasema kwa kuwa ameshanisemesha, wacha pia amwone mtu aliyemwoa binti yake. Nikaingia, nikasimama mlangoni nimeinamisha kichwa kama desturi inavyotaka.

"Inua uso," akasema.

Nikauinua.