Mtama Uliovuliwa Nguo

Kwenye rafu ya jikoni kwa mama yangu, hapa Lodwar, kuna chupa kumi na moja za kioo zenye mdomo mpana. Ndani yake mna maharagwe, ndengu, mchele, unga wa mahindi, sukari, majani ya chai, chumvi, samaki wadogo waliokaushwa. Yeyote anayeinama kuingia mlangoni anaziona kabla hajamwona mwenye nyumba. Majirani wameniambia nizifunike kwa kitambaa, au angalau nizisogeze nyuma ya pazia. Sizifuniki.

Asiyetoka huku anaweza kudhani huu ni ugomvi wa urembo wa jikoni. Kwetu mtu akiona kitu chako akakiomba, kumnyima ni aibu itakayokufuata kisimani, sokoni na kanisani. Anaomba akikutazama usoni, bila haya, kwa sababu kesho utamwomba wewe. Ndiyo maana wanawake wa zamani waliweka nafaka katika mfuko wa ngozi uliofungwa mdomo na kutundikwa nyuma kabisa ya nyumba, na hakuna mgeni aliyethubutu kuutia mkono. Kisichoonekana hakiombwi. Mama yangu ameishi na sheria hiyo maisha yake yote.

Mimi nimeishi huku na huku. Niliacha shule darasa la sita nikapanda pikapu ya samaki pale Kalokol, kando ya ziwa, nikitaka tu kujua samaki wale wanaishia wapi. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kwingine, nikiosha vyombo katika hoteli ndogo kando ya barabara, karibu na maofisi ya mashirika ya misaada. Maofisini zilitupwa chupa: za kahawa, za jemu, za asali, zikiwa na vifuniko vyake. Niliziokota moja moja nikisoma karatasi zilizobandikwa, kila nchi na herufi zake, mpaka mwenye hoteli akaniuliza kama nataka kufungua duka la dawa.

Aliyenifundisha kuzitumia ni jirani yangu, mama Mkongomani aliyeuza maharagwe kule kambini. Yeye aliziita bokali. Siku moja alinikuta nikimimina maharagwe niliyoyaanika juu ya bati, saa nane ya mchana, yakiwa bado yanachoma vidole. Nilikuwa nakaza kifuniko kwa fahari. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Dada, unapika ao unaweka akiba?"

"Naweka akiba."

"Basi acha ipoe. Kitu yenye ingali na moto, ukiifunga inatoka jasho kama mutu."

Sikumwamini. Maharagwe makavu, katika nchi kavu hii, yatoe jasho? Nilifunga. Jioni kioo kilikuwa na matone ndani, na baada ya siku chache maharagwe yakaota ukungu wa kijivu. Nilimpelekea chupa aone, nikitarajia kusutwa. Aliigeuza huku na huku, akasema, "Faida ya kioo ndiyo hiyo. Kosa yako unaiona mapema."

Nilihama Kakuma baadaye kama nilivyohama kwingine, na chupa zangu nikazifunga katika blanketi. Nilifika Lodwar mwaka ambao fukusi walimaliza mbegu ya mama.

Mama hupanda mtama kando ya mto Turkwel maji ya mafuriko yanapopungua. Mtama wake ni mwekundu, alioupata kwa mama yake, na hauuzwi duka lolote ninalolijua. Alikuwa ameuweka katika gunia lililofungwa kamba mara tatu, nyuma ya kitanda, chini ya nguo kuukuu, mtu yeyote asiuone. Na yeye mwenyewe hakuuona. Tulipofungua tulikuta vumbi na wadudu. Tulikaa siku mbili chini ya mwarobaini tukipepeta na kuchambua punje kwa punje. Kilichosalia kilijaza bakuli moja na nusu.

Niliuanika asubuhi, nikauacha kivulini hadi jioni ukapoa kabisa. Kisha nikauweka katika chupa yangu kubwa kuliko zote, iliyokuwa ya achari, nikatia majani makavu ya mwarobaini chini na juu, nikakaza. Nikaipandisha rafu ya juu, mbali na jua la mlangoni.

Mama alisimama akaitazama.

"Umeuvua nguo," alisema.

"Nini?"

"Mtama. Umeuweka uchi mbele ya watu."

"Mama, ulipokuwa na nguo uliliwa."

Alifyonza, akatafuta kitambaa akaifunika. Asubuhi nikakiondoa. Jioni akakirudisha. Tuliendelea hivyo wiki nzima, na ya pili, wala hakuna aliyelitaja jambo hilo, kana kwamba kitambaa kilikuwa kinatembea chenyewe.

Ndipo akaja shangazi kutoka Lorugum, dada ya marehemu baba. Shangazi anajua kuomba. Aliwahi kuniomba shuka niliyojifunga, nikaenda nyumbani na leso ya kuazima. Mama hajawahi kumnyima kitu, kwa sababu ni wifi na kwa sababu ni sheria. Siku hiyo kitambaa kilikuwa kwenye beseni la maji. Nilikuwa nimekifua, na nakiri nilikifua makusudi.

"Ejoka?" alisalimu.

"Ejok nooi," tukamjibu.

Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, macho yake yakatembea rafuni bila haraka.

"Sukari ile inatamanisha hata kwa macho. Nipe." Nikampa. "Na maharagwe." Nikampa. Kisha kidole chake kikapanda juu. "Na mtama ule mwekundu. Nitilie kikombe kimoja viwili, nikapike uji."

"Ule hapana, shangazi."

"Nimeuona."

"Umeuona, ndiyo. Ni mbegu."

"Mbegu! Na tumbo langu ni jiwe?" Akamgeukia mama. "Wifi, unamsikia mtoto huyu? Barabara imemharibu. Ananinyima kitu ninachokitazama!"

Mama alikuwa ameshika kikombe chake tupu. Nilimjua, angenyanyuka ampe. Vikombe viwili vingetoka, kesho angekuja mwingine aombe, na mtama wa bibi ungeishia kwenye sufuria za watu kabla mto haujajaa. Nilipanda juu ya kigoda changu, nikaishusha chupa, nikaiweka katikati ya magoti ya shangazi.

"Tazama vizuri," nilimwambia. "Hakuna gunia nyuma ya kitanda. Hakuna mfuko wa ngozi. Mtama wote wa nyumba hii ndio huo. Niwekee ukucha hapo kwenye kioo, mahali utakapofika ukishachota, halafu utuambie tupande wapi na tuache wapi."

Nilijua nilikuwa sina adabu. Lakini sikuirudisha chupa rafuni.

Shangazi aliizungusha. Aligonga kioo kwa ukucha, akainamisha kichwa akatazama chini ya chupa. Kisha akamwambia mama, si mimi:

"Miaka yote nilidhani mnao mwingine mmeuficha."

"Miaka yote mwingine haukuwepo," mama alijibu. "Nilikuwa nakukung'utia mfuko."

Hapo ndipo nilipoelewa ujanja wa ule mfuko wa ngozi, na ubaya wake. Ukificha, mwenzako hudhani unacho kingi, naye huomba bila huruma. Na wewe hutoa cha mwisho ukijifanya si cha mwisho.

"Irudishe juu," mama aliniambia.

Usidhani shangazi alifurahi. Aliomba tumbaku akapewa, akaomba chupa moja tupu ya asali ya kuwekea tumbaku hiyo, akapewa, akaondoka akinung'unika. Wenye pikapu wa Lorugum wananiletea salamu mpaka leo: eti Lodwar kuna msichana ananyima kwa macho makavu. Ni kweli. Sukari nitakupa, maharagwe nitakupa. Mbegu nakunyima, na utaiona ninapokunyima.

Mvua ilinyesha huko juu milimani, Turkwel ukajaa, kisha ukaanza kurudi nyuma. Asubuhi ya kupanda niliamka nikakuta mama ameishusha chupa mwenyewe. Aliibeba kifuani, akapita nayo katikati ya mji, mbele ya maduka, mtama mwekundu ukiwaka kwa jua. Nilimfuata na jembe. Wanawake walimwita.

"Mama, umebeba nini hicho kizuri?"

"Mbegu," alisema, bila kusimama.

Mtoni alifungua kifuniko, akatoa majani ya mwarobaini, akanusa.

"Bado inanuka achari."

Hakukuwa na fukusi hata mmoja. Tulipanda mpaka jua likawa kali, yeye akitia punje, mimi nikifukia kwa mguu. Zilipobaki kama konzi mbili chini ya chupa alisimama, akazitazama kupitia kioo, akakaza kifuniko, akanikabidhi.

"Hizi zirudi rafuni," alisema. "Pale pale."