Jiwe Lililorudishwa Kichwa Chini

Pale ofisi ya upimaji walimwita Mama Mshale, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kutafuta alama za wapimaji wa zamani: mstari uliochongwa kwenye jiwe, na chini yake mshale unaouelekea. Kila mstari una kimo chake daftarini, na vimo vyote vya mji hupimwa kutoka hapo. Wenzake walimtania kwamba jiwe lingeleta posa, angekubali.

Asubuhi ile alipiga magoti kwenye pembe ya jengo la kinu cha zamani cha kusagia nafaka, akisugua chokaa kwa brashi ya waya. Mstari ukajitokeza. Kisha akauona mshale, juu ya mstari, ncha imeelekea chini.

Alielewa palepale. Fundi mwashi aliyekarabati kinu, Mungu anajua lini, alilitoa jiwe akalirudisha kichwa chini miguu juu, na mstari ukashuka kama shibiri mbili. Mstari ukishuka, kila kilichopimwa kutoka kwake kimeshuka nao. Miaka minne nyuma, ukuta wa kuzuia mto ulipimwa kutoka hapa, na aliyethibitisha alama ni yeye. Siku ile chokaa ilikuwa nzito na mvua inanyemelea. Akapapasa kwa vidole, akaupata mstari, akaweka sahihi. Mshale hakuutafuta. Mama Mshale mzima!

Alipima upya kutoka alama nyingine, ile ya darajani, mara tatu. Jibu halikubadilika: ukuta ulikuwa mfupi kwa shibiri mbili. Nyuma yake, nyumba ya kwanza kabisa, aliishi mdogo wake na watoto watatu. Mvua kubwa zilikuwa wiki mbili tu mbele.

Mhandisi wa ofisi yao alimsikiliza, akafunga mlango. Alimkumbusha kwamba amebakiza miezi mitano astaafu, kwamba mto haujapanda kiasi hicho tangu ukuta ujengwe, na kwamba chokaa inaweza kurudishwa. Mama Mshale aliogopa, tusidanganyane. Aliogopa hata kushika kalamu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliandika ripoti akaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi.

Kutoka hapo alikwenda kwa mdogo wake, akamkuta anaanua nguo. Akamwambia wahame kabla ya mvua, leo ikiwezekana, na sababu hakumficha.

Mdogo wake alikunja shuka polepole.

“Dada, majirani wote waliniuliza kama hapa ni salama, kabla hawajajenga,” alisema. “Nikawaambia wasiogope, kwa kuwa umepima wewe.”

Nyumba zilikuwa arobaini na moja. Mama Mshale alikwenda mlango wa jirani, akapiga hodi.