Pesa Zisizonunua Kitu

Shaba iliyolala ardhini ina harufu yake. Ukiifumbata kwa kiganja chenye jasho inanuka kama damu ya pua, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa majivu. Utaila pamoja na wali wako. Mimi niliila msimu mzima, nikiwa na miaka kama kumi, kwetu kisiwani Koyama, kusini ya Kismayo. Mvua kubwa ilikuwa imeangusha ukuta wa msikiti wa kale nje ya mji, na kila nikitoka chuoni kusoma Kurani nilipitia pale kuona maji yamefukua nini. Yalifukua vigae vya sahani, shanga, na visarafu vidogo vya shaba, vyembamba kama magamba ya samaki, vyenye ukungu wa kijani. Bibi alinipa sharti moja tu: kilicho juu ya kaburi ni cha mwenye kaburi, kilicholetwa njiani na maji ni cha aliyekiona. Haba na haba hujaza kibaba. Nikajaza kopo la maziwa ya unga. Kuandika nilikuwa sijui, na hata leo naandika kwa tabu, kwa hiyo sarafu hizo nilizifunga kwa matambara: za ukutani kwenye kitambaa cha buluu, za kisimani kwenye cheupe, za ufukweni kwenye kipande cha kanga ya mama. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu kwamba nikizichanganya zitanyamaza.

Mwalimu wetu wa chuo, Mwalimu Haji, ndiye aliyezifungua mdomo. Aliiweka moja juani, akaipangusa kwa kidole, akasoma Kiarabu chake polepole. Upande mmoja ulikuwa na jina la sultani, upande wa pili ulisema kwamba anamtegemea Mola wake, na mwisho wa huku ulilingana sauti na mwisho wa huko. "Kama shairi?" nikamuuliza. "Ndiyo shairi lenyewe. Haya, geuza umalizie." Tangu siku hiyo sikulala vizuri kwa udadisi. Nani huyu aliyeandika shairi kwenye kitu cha kununulia samaki? Alikula nini, alivaa nini, alipita njia ipi?

Baba yangu, Fundi Omari, mashairi hayakumshughulisha. Alikuwa mjenzi wa vyombo vya baharini, na alizipenda zile chache zenye tundu la mraba katikati, kwa sababu misumari yetu ya vyombo ina pembe nne na inapita humo sawasawa. Alikuwa akiniibia, akizitia chini ya kichwa cha msumari ili mbao isipasuke. "Aliyetoboa hivi alikuwa fundi kama mimi," akasema. Mwalimu Haji akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Omari, hizo ni pesa za Wachina! Walizitunga kwa uzi."

"Uzi una pembe nne, Mwalimu? Nionyeshe uzi wenye pembe nne, nami nitahamia China."

"Utawajengea mashua wakuchape."

"Mchu mwenye macho haulizi," baba akajibu kwa lugha ya nyumbani, mchu ndiyo mtu. "Tundu la msumari hilo."

Hata nikalia kwa kuibiwa, ndipo baba akaapa hatagusa tena kopo langu. Lakini baadhi zilikuwa zimekwisha kupigiliwa, zikaenda zao baharini na mashua za watu.

Kisha serikali ikaanguka, na watu wenye bunduki wakawa wanakuja kutoka Kismayo wakiingia nyumba baada ya nyumba. Hapa nitataja majina, maana wao walipotutenda hawakuona haya. Jirani yetu, mlango kwa mlango, alikuwa Lali wa Shee. Walipofika kwake, ili nyumba yake iachwe, aliwaambia kwa Kisomali kwamba kwa Fundi Omari kuna kopo limejaa pesa. Sisi sote tulikuwa tukiziita pesa za kale. Lali alimeza neno moja tu, "kale". Kikulacho ki nguoni mwako. Mkubwa wao, mrefu waliyemwita Dheere, akamwaga kopo sakafuni, akafungua matambara yangu moja moja, akayatupa.

"Hizi zinanunua nini?"

"Hazinunui kitu," baba akajibu. Alisema kweli, na Dheere akadhani anachezewa. Akamlaza baba mkono wa kulia juu ya kizingiti, akaupiga kwa kitako cha bunduki. Alitwaa kopo, shaba akaiacha. Mkono ule haukushika tena tezo ya kuchongea mbao. Tulihama na sufuria moja, na baba akafia kambini Kenya, fundi asiye na kazi, akilishwa na mama.

Sasa niko Mombasa, nami ni mtu mzima. Binti yangu ananionyesha kwenye simu kwamba vile visarafu vina wanunuzi Ulaya na Uarabuni. Mwezi uliopita simu ikalia, ni sauti ya Lali. Yu hai, yuko Kismayo, ana duka. "Mwanamina, ndugu yangu, zile pesa zako niliziokota baada ya nyinyi kuondoka. Nimezihifadhi. Wateja wanazitaka, ila wanauliza kila moja imetoka mahali gani hasa, la sivyo bei inashuka. Wewe si ndiye uliyekuwa unajua? Nisaidie, tutagawana." Akanitumia picha, zimesafishwa zinang'aa, zimemwagwa pamoja juu ya meza ya kioo. Uongo aliousema siku ile, dunia imemgeuzia ukawa kweli: ni pesa. Wakati ule hazikuwa na bei na kila moja ilikuwa na kwao. Leo kila moja ina bei, na kwao hakujulikani.

Nilizikuza picha kwa vidole viwili. Ile yenye ukingo uliolika ni ya kisimani. Ile nyeusi ilitoka chini ya mihrabu, upande wa kibla, siku niliyoumwa na tandu. Nilizipitia zote mpaka ya mwisho, na nilizijua zote. Lali amepiga tena mara nyingi. Simjibu.