Moshi Juu ya Maji ya Moanda

Kabla ya kuiona bahari nilikuwa nimeshawahifadhi wanyama wake kichwani. Nyumbani kwetu Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, niliwachora kutoka kamusi ya Kifaransa ya parokia, nikichana karatasi kila pezi lilipokosea. Hakuna aliyenifundisha. Kukadiria umbali nilijizoeza barabarani, kwa baiskeli za wauza makala, ule mkaa wa kupikia: nakisia mita, kisha naenda kupima kwa hatua. Kwa hiyo mwalimu wetu wa biolojia, mama mwenye asili ya Maniema, alipotafuta vijana wa kujitolea kuhesabu nyangumi na pomboo kule Moanda, kwenye kipande kidogo cha pwani cha nchi yetu, niliona nimejiandaa kuliko wote. Naungama kwamba niliogopa kuliko wote pia.

Kazi ilikuwa na sheria moja. Mtazamaji hukaa mbele ya mashua, na chochote akionacho hukitaja papo hapo, hata kama hakijui. Kutambua ni kazi ya mwalimu. Mimi sikuweza. Asubuhi moja tukiwa baharini kitu cheusi kilizama mbele yangu, labda gogo, labda kasa, nikanyamaza. Migongo ikametameta kwa mbali, nikanyamaza tena. Nilitaka kwanza kuwa na hakika, na kila hakika ilipokaribia, mnyama alikuwa ameshakwenda. Mwalimu, nyuma yangu, aliona yote.

"Citoyen," akaniambia, akiniita raia kwa Kifaransa, "macho yako iko muzuri, kinywa ndiyo iko mugonjwa. Ukinyamaza tena, kesho unabakia ku kambi. Mwenzako atakaa pale."

Mwenzangu, kijana wa Kambove, akakitazama kiti changu kama mtu anayepima suruali.

Nilikuwa nimevuka nchi nzima kwa ajili ya kiti kile. Nikakodoa macho hadi yakatoa machozi. Ndipo, mbali upande wa kushoto, nikaona kitu kisichohitaji kamusi. Nguzo nyeupe ilipanda juu ya maji, ikasimama, ikapeperuka taratibu kufuata upepo. Nimekua chini ya dohani ya kiwanda cha shaba. Moshi naujua kama uso wa baba yangu.

"Moshi!" nikapaza sauti. "Kushoto, iko moshi!"

Kijana wa Kambove alicheka hadi akashika ukingo wa mashua. "Moshi mu mayi! Ona muntu wa Lubumbashi, hata ku bahari anatafuta kiwanda!"

Mwalimu hakucheka. Alimwashiria nahodha azime injini. Nikangoja meli yenye moshi ule itokee, nikitamani kuzama kwa haya.

Maji yakafunguka karibu nasi. Mgongo mweusi ukapanda, ukazidi kupanda, ukapita mbele yangu kama treni ya shaba isiyosimama stesheni. Ile nguzo nyeupe ikalipuka kutoka utosini pa nyangumi kwa pumzi nzito, yenye harufu ya samaki, ikatulowesha nyuso. Ubavuni pake mtoto wake naye akapumua, wingu dogo kama la birika. Michoro yangu yote ilikuwa sahihi, na hakuna hata mmoja ulionidokeza kwamba anapumua, kwamba nitamsikia. Kijana wa Kambove alikuwa amenishika mkono. Sikuutoa.

"Bangapi?" mwalimu akanong'ona.

"Babili, mukubwa na mutoto." Kisha kitu kikatikisika kwa mbali, huenda kivuli, sikukijua hata kidogo. "Kulia, mama. Iko kitu. Sijui ni nini."

Akageuza darubini, akatazama kwa muda mrefu. Lilikuwa wimbi tu.

"Muzuri," akasema. "Kesho unakaa palepale."