Puto Halichimbi Shimo

Mume wangu ni mrusha maputo. Nikimwambia hivyo mtu asiyetujua, hucheka kwanza, kisha hunitazama usoni kuona kama namtania. Simtanii. Ndiyo kazi iliyowasomesha watoto wetu na kuezeka nyumba hii.

Kila asubuhi na kila jioni, pale kwenye kituo cha hali ya hewa pembeni ya mji, hujaza gesi kwenye puto jeupe la mpira mpaka linakuwa kubwa kumpita yeye mwenyewe. Chini yake hufunga mwavuli wa karatasi, na chini ya mwavuli kiboksi chepesi kama mkate, cha kupima joto na upepo huko juu. Hutoka nalo nje akilibembeleza, husubiri upepo utulie, huliachia. Likifika mbali hupasuka, na kiboksi hurudi chini polepole. Watoto wa mashambani wakikiokota hukileta kituoni, wakapewa peremende. Mtaani wanamwita Puto. Mimi ni Mke wa Puto, na wanangu, Mungu awasaidie, ni Vijiputo.

Hana maneno mengi. Na ana ugonjwa mmoja ambao ukiwa mkewe unaweza kukutia wazimu: jambo asilolijua, husema hajui. Namuuliza nianike nguo au mvua itanyesha, ananijibu, "Sijui." Mtu wa hali ya hewa huyo! Wanaume wenzake hawajui kitu na hujibu yote, na wake zao wanaishi kwa raha. Wangu mpaka leo hajajifunza hata kuongopa kidogo kwa ajili ya amani ya nyumba. Au niseme, alikuwa hajajifunza.

Aliyempenda kwa hilo ni dada yake. Mama yao alifariki mume wangu akiwa hajaota hata jino, na dada mtu, naye mwenyewe akiwa bado binti mdogo, ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea. Leo mume wangu kichwa chote ni mvi, lakini yeye humwita "mtoto" mbele za watu bila haya. Wifi yangu huyo alijaliwa mwana mmoja tu, tena baada ya kungoja sana. Kijana alitoka mrefu, mcheshi, asiyejua kubisha hodi. Aliingia kwangu akifunua sufuria kwanza, salamu baadaye. Akimkuta mume wangu anavua viatu, alimwambia, "Mjomba, leo umelirusha au limekurusha?" Alikuwa fundi matofali, na tanuri lake lilikuwa bondeni, chini ya mji. Siku zile alikuwa amechumbia, na matofali aliyokuwa akiyachoma yalikuwa ya nyumba yake mwenyewe.

Ilikuwa mchana. Nilisikia mshindo, nao haukuwa wa radi, maana vikombe viligongana kabatini na mbingu ilikuwa safi kabisa. Moshi ukapanda kutoka bondeni. Mume wangu alikuwa nyumbani akingoja puto la jioni, akatoka mbio bila viatu. Alifika pale pamoja na wabeba matofali wawili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alichokikuta alikuja kutueleza baadaye, mimi na dada yake, kwa maneno yale yale bila kuongeza wala kupunguza. Mpwa wake alikuwa amelala kando ya tanuri kama aliyesukumwa, amekwisha kukata roho. Karibu yake palikuwa na shimo ambalo ng'ombe angeweza kusimama ndani asionekane. Ndani ya shimo kulikuwa na kitu cha kijivu, upana kama wa mlango wetu, laini, hakina nati wala mahali kilipoungwa. Matofali yaliyotawanyika yalikuwa ya moto, hayashikiki. Kile kitu kilikuwa cha baridi. Alikiwekea kiganja. Kisha wanajeshi wakafika, kwa haraka ambayo gari la zimamoto halijawahi kuja nayo katika mji huu. Wakazungushia bonde lote waya, wakapakia kitu chao chini ya turubai, na mtoto wetu wakampakia pia. Walimrudisha ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari, na wakakataza lisifunguliwe.

Siku ya msiba wifi yangu alikaa sakafuni bila kulia, macho makavu, tukaogopa. Mume wangu alipoingia alimshika mkono.

"Mtoto, nini kimemuua mwanangu?"

"Dada, sijui," alisema. "Nimekiona, nimekigusa, na sijui."

Nilitamani kumfinya. Mwanamke kafiwa na mwana wake wa pekee, mwambie chochote! Sema ni Mungu, sema ni kimondo. Lakini wifi aliitikia kwa kichwa polepole, akakilaza begani kwa mdogo wake, na hapo ndipo machozi yakatoka. Sikuelewa. Niliona tu kwamba lile "sijui" lilikuwa limemfaa kuliko pole zote tulizompa.

Tulikuwa hatujaondoa viti vya msiba pale msemaji wa serikali alipotangaza redioni kwamba kilichoanguka ni puto la hali ya hewa. Basi. Mji mzima una mrusha maputo mmoja. Kina mama niliozoea kupiga nao soga bombani wakaanza kunyamaza nikifika. Kijana mmoja alisimama nje ya uzio wetu akaita, "Muuaji!" akakimbia. Mume wangu alikwenda kwa mkuu wa kituo, akamwonyesha kiboksi cha asubuhi ile ile, kimeshaletwa na watoto, kiko kwenye rafu hakina hata mkwaruzo. Mkuu alikitazama, akafunga mlango, akamwambia taratibu kuwa mkubwa akisema ni lako, ni lako.

Aliyetuokoa ni wifi. Alikuja na nguo zake nyeusi, akajifunga kiunoni, akasimama mlangoni kwetu tangu asubuhi. Kila aliyepita alimsimamisha. Aliwaambia puto na boksi lake ukilibeba ni kama kuku aliyenyonyolewa manyoya, na kuku hachimbi shimo la kumeza ng'ombe. Kama yeye mwenye mtoto hamtuhumu mdogo wake, nani mwenye uchungu kumzidi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi alikuwa pale amesimama. Watu wakaona aibu. Baadaye wakacheka, na puto likafa kwa kicheko.

Serikali ikaleta jingine, kwamba ni kipande cha ndege ya mafunzo. Ndege ipi, ya wapi, rubani nani, hawakusema. Mtaani nako kulikuwa na maelezo yake. Kinyozi wa njia panda aliapa ameona kisahani cha angani kikiyumba kama mlevi kabla ya kuanguka, na kila kichwa alichokinyoa kiliondoka na habari mpya: kwanza kisahani, kisha wageni wawili wenye macho makubwa, kisha mmoja wao yu hai na amefichwa. Lisemwalo lipo, walisema. Wageni tusiowajua walimfuata wifi mpaka jikoni kwake kumuuliza kama mwanawe alikuwa akiongea na viumbe. Mimi mambo ya angani siyajui na siyakatai. Lakini nilimfukuza mmoja wao kwa ufagio.

Wifi na mume wangu walianza safari za ofisini. Walikaa kwenye benchi, wakaitwa, wakaambiwa suala lao linashughulikiwa, wakarudi. Kila walipokwenda walikuta ofisa mwenye adabu zaidi ya yule wa kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakupata kukaa kwenye lile benchi. Njiani kurudi wifi alimuuliza mdogo wake swali lile lile, naye akamjibu neno lile lile, wakaendelea kutembea wameshikana mikono kama watoto.

Kisha ikatoka ripoti ya tume. Tulikuwa kwake, tunakunywa chai, redio iko dirishani. Ilisema hakuna kitu chochote kilichoanguka. Ilisema mwenye tanuri aliweka pipa la mafuta karibu na moto, pipa likalipuka, na kifo chake kilitokana na uzembe wake mwenyewe. Wananchi wakaombwa kuzingatia usalama kazini.

Wifi aliweka kikombe chini. Nilitamani apige kelele, avunje ile redio, nami ningemsaidia kuivunja.

Kuanzia hapo alianza kutuponyoka. Mwanawe alichoma matofali kwa kuni tu, kila mtu alijua. Lakini neno likirudiwa na watu wenye suti huingia kichwani hata kama mlango umeufunga. Alianza kuuliza. Alimuuliza mchumba wa marehemu, akawauliza wabeba matofali: hivi, alikuwa na pipa? Wakamwambia hapana. Keshoye akawauliza tena. Siku moja nikiwa namsuka alisema kwa sauti ya chini kwamba labda alilinunua bila kumwambia, vijana wana haraka, na yeye kama mama angemfundisha vizuri zaidi labda yasingetokea. Walikuwa wameshamchukulia mwana; sasa walimfanya yeye mwenyewe amhukumu. Akaacha kula. Akawa analala mchana ameelekea ukutani.

Nilimweleza mume wangu. Alinisikiliza akiwa ameshika paji la uso. Jumapili moja baada ya chakula aliinuka, akavaa shati safi, akaniambia tuende kwa dada.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mimi nilibaki mlangoni.

"Dada," alisema, "lilikuwa puto langu. Mchana ule nilirusha jingine, la majaribio, lilikuwa na mtungi mzito. Nilifunga vibaya, likamwangukia. Nikaficha kwa kuogopea kazi yangu. Mwanao hakukosea kitu. Hakukuwa na pipa. Ni mimi."

Mtu aliyeshindwa miaka yote hiyo kuniongopea hata kuhusu mvua, aliyatoa hayo bila kukwama, jasho likimtiririka. Nilijua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anajitupa mbele ya mpwa wake ili jiwe la lawama limpate yeye. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Wifi aligeuka kutoka ukutani. Akajiinua, akamfuta jasho kwa kiganja.

"Umenionea huruma, mtoto," alisema.

Akamnyooshea kola ya lile shati safi.

"Redio iliniongopea. Wakubwa wakaniongopea, mmoja baada ya mwingine. Yule kinyozi ananiongopea mpaka leo. Nilibaki na mtu mmoja tu wa kuniambia hajui." Sauti yake haikuwa ya hasira. "Sasa nitamuuliza nani?"

Hapo mume wangu akalia, mwanaume mzima, kifudifudi kwenye mapaja ya dada yake. Akasema hajui, dada, ukweli ni kwamba hajui, hakujua tangu siku ile na hajui mpaka sasa. Wifi alimpapasa mgongo. Akamwambia anajua, baba, anyamaze. Kisha akaamka kitandani, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa siku nyingi, akaenda jikoni kumchemshia chai.

Tangu hapo anakula. Amerudi kunenepa kidogo. Hakumchukia mdogo wake, asije mtu akafikiri hivyo. Huja kwetu mara kwa mara, hucheza na watoto, humtengea mume wangu chakula yeye mwenyewe na kumkemea akibakiza. Habari za bonde hazitaji. Lakini hamuulizi kitu tena. Akitaka kujua saa ngapi, hugeuka kwangu, "Wifi, saa ngapi sasa?" na mume wangu amekaa pale pale kando yake, saa iko mkononi.