Mutobe wa Mtungi wa Babu

Miaka ile ya vita vya Wazungu, serikali ilikumbuka ghafla kwamba baba yangu yuko duniani. Ikampa heshima ya kuvunja mawe kwenye barabara ya Walikale msimu mzima, bila kuuliza nani atapanda maharage yetu huku Kalembe. Mama akabaki na shamba la mteremko, jembe moja, na mvua iliyokuwa ikinguruma tayari nyuma ya vilima.

Mwalimu wa kanisa letu alikuja kumfariji. "Neema ya Mungu inatosha, Mama," alisema, akimaliza sahani ya pili ya viazi vyetu. Neema ilitosha kweli. Viazi ndivyo havikutosha.

Kwetu, mtu akizidiwa na shamba huwaita majirani. Wanalima siku moja, halafu wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mpaka jua lizame. Lakini sisi tulikuwa tumeokoka, na mwanamke aliyepika pombe alifukuzwa kwenye meza ya Bwana. Jirani yetu, ambaye hakuwa ameokoka hata kidogo, alimwuliza mama kwa upole mwingi: "Dada, sasa ni Yesu njo atatupoza koo?"

Mama akachagua njia nyembamba: mutobe, maji matamu ya ndizi ambayo hayajachacha. Aliyakamua Jumatano ili ndugu wa kanisa waje kulima Alhamisi. Mtungi pekee mkubwa ulikuwa wa babu, mpagani hodari aliyepikia kasiksi humo maisha yake yote. Mama aliuosha mara tatu, akauombea mara moja.

Alhamisi mvua ikanyesha. Ijumaa pia. Jumamosi ndugu wakaja, majembe begani, wakiimba kama watu wanaosindikiza maiti. Mama akafunua mtungi. Mutobe ulikuwa unatoa povu na kunong'ona. Alionja, akafumba macho. Akiumwaga, watu watarudi makwao na sisi tutakula majani. Akiwapa, kanisa litamtoa nje.

"Mama, koo inakauka huku!" mwalimu akaita toka shambani.

"Mwalimu, mutobe iko, lakini imekaa siku nyingi..."

"Leta tu! Mungu anaubariki."

Akamaliza kibuyu kizima. Akatazama mbinguni kwa muda mrefu. "Mama," akasema, "huu mutobe iko na nguvu."

Sijaona tena kanisa likilima namna ile. Wazee walisahau migongo yao. Mashemasi wawili walishindana mpaka wakavuka mpaka wa shamba, wakalima kipande kizuri cha yule jirani. Yeye alikaa mlangoni pake akiwatazama. "Dada!" akapiga kelele. "Kumbe Yesu anapoza koo!"

Jumapili mama alisimama kutubu mbele ya wote. Mwalimu, macho mekundu, akainua mkono haraka. "Mama, kaa chini. Sisi wote tunajua ilikuwa mutobe." Kanisa zima likajibu amina, kwa sauti ndogo, kwa ajili ya vichwa vilivyokuwa vikiuma.

Baba alirudi maharage yakikauka uani, akiwa mifupa ndani ya shati. Hakuna aliyekuwa amekufa njaa kwetu. Mimi ambaye sikosi neno la kejeli, hapo sina. Baba alikula siku tatu mfululizo. Siku ya nne akauliza ni nani aliyelima.

Mama akauchukua mtungi wa babu.

"Njo Mungu," akasema, akaenda kuuosha.