Makoo ya Mbuzi

Jumamosi kambini ilikuwa siku ya mbuzi. Wapishi walichukua nyama, sisi matabibu wa kikosi cha kulinda amani tukachukua makoo. Kapteni, daktari wetu, alitufundisha kupapasa kishimo kilicho chini ya kikoromeo, kukata hapo na kupitisha mpira wa hewa, kwa ajili ya majeruhi aliyezibwa pumzi.

Simbeye alimaliza kabla sijaanza kupapasa. Tulitoka naye Itaka, shule moja, kwaya moja. Huko nako yeye ndiye aliyeimba peke yake, sisi wengine tukamwitikia. Nilimwonea wivu, nisiseme uongo. Wivu wa kunikosesha hamu ya kula.

"Mwangalieni Simbeye," kapteni alisema siku ile. "Wengine mnashika kisu kama jembe."

Niliweka kisu chini. "Afande, mimi sikuja huku kukata mbuzi waliokufa."

"Njoo nikuelekeze, ndugu yangu," Simbeye akaniambia. "Kosa lako dogo tu, unakata juu mno."

Nikaenda zangu kufua. Jumamosi mbili zilizofuata nilijitafutia zamu ya lindo.

Kombora lilianguka asubuhi moja, tukinywa chai.

Simbeye alikuwa ameketi, ameinama. Taya limepasuka, damu imejaa kooni. Kapteni alikuwa kambi ya jirani.

Nikamlaza. Akanishika kidole, akakivutia shingoni kwake, chini, chini zaidi. Kisha mkono wake ukalegea.

Nilikata.

Mpira ukaingia. Kifua kikapanda. Nililia kwa furaha.

Siku ya nne kapteni aliniita pembeni. Nilikuwa nimekata juu mno, nikapasua nyuzi za sauti yake.

Miaka imepita. Mimi nafanya kazi zahanati moja Tunduma, Simbeye analima kahawa Itaka. Nikienda kumtembelea, hunishika mkono mbele ya watu kanisani na kunong'ona, "Huyu ndiye aliyenipa pumzi." Mkewe hunifungashia ndizi za kurudi nazo. Habari za wale mbuzi hajazigusa hata mara moja, wala hajazisahau, namjua. Hata kwa moyo wake huo namwonea wivu.

Kisha kwaya husimama, naye husimama nayo, kitabu mkononi. Nafasi yake hawajampa mtu. Ubeti wake ukifika, wote hunyamaza, midomo yake ikienda peke yake mpaka mwisho, halafu humwitikia.